Una Kosa Kwenye Mstari wa Kumi na Moja

Matisi, Kitale
4 Machi 2024

Kwa Mama Nakhungu,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani Kamukuywa. Sisi huku hatujambo. Binti yako Viola anakusalimu sana. Mvua imeanza upande wa Kwanza, kule anakofundisha, na siku hizi anarudi kutoka shuleni ameshika viatu mkononi.

Nakuandikia kwa sababu kamati ya kituo cha afya imenipa kazi ya kutengeneza daftari la kompyuta la watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Najua umeshasikia, maana karani wa kumbukumbu pale ni wewe. Kusema ukweli, nilipoona jina lako kwenye karatasi ya kamati nilitaka kuirudisha hiyo kazi. Mtu na mama mkwe wake kukaa meza moja, wakiinamia kioo kimoja, jambo hilo kwetu halijaonekana. Hata simu naiogopa, naona ni kukuletea mdomo wangu hadi sikioni. Nilimwomba Viola apitishe maneno kati yetu, akaniambia, "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili bana, si posta. Si muandikiane?"

Basi tuandikiane. Kituo hakina mtandao, kwa hiyo hata bila mambo ya ukwe ningelazimika kutuma vitu kwa ofisi ya vifurushi. Ndani ya bahasha kuna flashi. Ukiichomeka utaona faili moja linaloitwa "majedwali". Nimeandika kwenye karatasi ya pili mistari ya kuandika, mmoja baada ya mwingine. Ukibonyeza kitufe cha mwisho, kompyuta itajitengenezea majedwali saba: la watoto, la wazazi, la dawa, la vipimo na mengine. Nimeyajaribu hapa dukani kwa Gagandeep ninakofanya kazi, yakakubali bila shida.

Wageni wa wafadhili watafika Ijumaa tarehe 5 Aprili. Mwenyekiti aliniambia waziwazi: daftari lisipofanya kazi siku hiyo, kliniki ya watoto inahamishiwa Bungoma mjini. Na hata likifanya kazi, mtoto ambaye hatakuwa ndani yake faili lake litahamishwa. Lakini muda tunao.

Ni mimi mkwe wako,
Kizito Wabwile


Kamukuywa
8 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Kizito,

Marahaba. Barua yako imefika, na flashi pia, imefungwa kwa karatasi nyingi hata nikadhani umenitumia yai.

Umefanya vizuri kuandika. Mimi pia kamati iliponiambia fundi ni nani, niliomba likizo. Walikataa, wakasema likizo baada ya wageni.

Nataka ujue ni watoto gani hawa unaowatengenezea daftari. Wengi wanateremka kutoka mlimani. Mama anambeba mtoto wa miaka saba mgongoni kwa sababu mifupa inamuuma hawezi kutembea, na akifika hapa kwetu amechoka kabisa. Sasa umwambie bado kuna safari ya Bungoma? Nawajua. Hawatakwenda. Watarudi nyumbani wakae na maumivu yao. Ndiyo maana nakuombea kazi yako ifaulu.

Nimefuata karatasi yako mstari kwa mstari. Kompyuta imepokea salamu zako vizuri. Majedwali mawili yameingia. Mengine bado yanapumzika.

Msalimie Viola, umwambie aweke viatu vya mvua kwenye mkoba.

Nakhungu


Matisi, Kitale
11 Machi 2024

Kwa Mama Nakhungu,

Shikamoo mama. Nimefurahi kusikia majedwali mawili yameingia. Naelewa kwamba shughuli za kliniki zimekubana ukayaacha mengine kwa siku nyingine. Usijichoshe. Ukipata nafasi, rudia tu mistari ileile na yote yataingia.

Viola amenunua viatu vya mvua. Anasema ni vizito.

Mkwe wako,
Kizito Wabwile


Kamukuywa
15 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Kizito,

Marahaba. Sikuwa nimejichosha. Nimeyaamsha hayo majedwali asubuhi na jioni tangu Jumanne. Kompyuta inasema kuna jambo ambalo haikubaliani nalo. Haijasema kwa ubaya. Labda ni mimi ninayebonyeza vibaya, maana vidole vyangu vimezoea cherehani.

Hapo Jumanne alikuja mama mmoja anaitwa Jelimo, na binti yake Chepkirui. Mtoto alikuwa na maumivu ya kifua. Wakati anawekewa dawa, mama yake alinivuta kando akaniuliza, "Karani, ni ukweli ati mnatupeleka Bungoma?" Nikamwambia hapana. Nilisema hapana wakati sijui, na neno hilo limekaa nami tangu siku hiyo.

Nakuuliza hivi: mtu akijaribu mara nyingi, mashine inaweza kuharibika?

Nakhungu


Matisi, Kitale
19 Machi 2024

Kwa Mama Nakhungu,

Shikamoo mama. Mashine haiharibiki kwa kujaribiwa. Anayeharibika ni mimi.

Barua yako ilipofika nilidhani shida ni neno la siri, nikalibadilisha. Kisha nikadhani ni majina ya majedwali, nikayafupisha yote. Kisha nikachukua kompyuta ndugu ya ile mpya tuliyowauzia kituoni, tuliyoitoa kwenye stoo siku moja na yenu, nikaiwekea faili lilelile nililokutumia. Majedwali yote saba yakaingia kabla sijavuta kiti.

Gagandeep alikuja akasimama nyuma yangu. Unamjua, ni yule Kalasinga mwenye duka, mpole lakini hana subira. Akaniuliza, "Kwani kule imesema nini?" Nikamwambia imesema haikubaliani na jambo. "Jambo gani?" Sijui. "Ametumia kompyuta gani?" Sijauliza. Akashika kichwa. "Wabwile, wewe ni fundi ama ni mganga? Uliza!" Nikamweleza mambo ya ukwe. Akasema nyanya yake alikuwa akijifunika uso kwa shela kila baba mkwe wake akiingia, miaka yote, lakini siku nyumba iliposhika moto huko Kitale ya zamani aliitupa shela akapiga kelele kuliko wanaume. "Sasa nyumba yako inaungua bana."

Kwa hiyo nauliza, na naomba unisamehe. Kumuuliza mama mkwe kilicho juu ya meza yake ni kama kuchungulia dirishani kwake, najua hivyo. Lakini nauliza kama fundi anayemuuliza karani. Kwanza: unatumia kompyuta gani? Pili: naomba uninakilie maneno yote inayosema, neno kwa neno, hata kama ni matusi.

Mkwe wako,
Kizito Wabwile

Mama, barua hii ameiandika na kuirarua mpaka nimekosa karatasi za kusahihishia watoto. Tafadhali mjibu vile ungenijibu mimi. Wako, Viola.


Kamukuywa
22 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Kizito,

Marahaba. Haya, umeuliza, nitakujibu.

Tangu siku ya kwanza kompyuta imekuwa ikisema maneno haya, nayatafsiri kutoka Kiingereza: "Una kosa katika maandishi yako. Angalia kitabu cha toleo lako la programu ujue namna sahihi ya kuandika, karibu na mstari wa kumi na moja."

Sasa niambie wewe. Mama mkwe anachukuaje kalamu akamwandikia mume wa binti yake, "Una kosa"? Tena anamwambia aende akasome kitabu? Nilijaribu. Niliandika "una", nikaweka kalamu chini. Nikaona bora niseme yanapumzika.

Kuhusu kompyuta. Ile mpya ya kwenu iko salama kabisa. Iko ofisini kwa matroni, mezani, nimeifunika kwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vya kijani na vyeupe, kioo na kitambaa chake, kibodi na chake. Hakuna aliyeigusa. Tunaiweka kwa ajili ya wageni, kama mtu anavyoweka vikombe vizuri kabatini. Mimi natumia ile ya zamani, iliyoachwa na wamisheni, ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji urudi ukiikuta bado inaamka. Ndiyo iliyo na kumbukumbu zote za watoto tangu kliniki ianze.

Ukitaka kucheka, cheka. Viola angecheka.

Nakhungu


Matisi, Kitale
25 Machi 2024

Kwa Mama Nakhungu,

Shikamoo mama. Nimecheka. Tumecheka sote, na Gagandeep ameomba nikuulize kama unaweza kufumia vitambaa kompyuta zote za dukani, kwa sababu vumbi la Kitale halina huruma.

Na kompyuta imesema kweli, kosa ni langu. Mstari wa kumi na moja ni pale nilipoweka safu ya maelezo ya daktari. Niliipa aina ambayo programu ya matoleo mapya inaijua na ya zamani haijawahi kuisikia. Mashine ya wamisheni ilipofika hapo ikasimama. Majedwali mawili yaliingia kwa sababu yalitangulia. Nilipaswa kuuliza toleo kabla ya kuandika hata herufi moja. Nilidhani naonyesha heshima, kumbe nilikuwa nakuacha gizani peke yako na mashine inayokugombeza kwa ajili yangu.

Tafadhali ifunue ile mpya. Wageni hawatakuja kutazama vitambaa, ingawa nina hakika ni vizuri. Iwekee faili lilelile la kwanza. Kisha chukua kumbukumbu za watoto kutoka kwenye ile ya zamani. Namna ya kuzitoa na kuzipeleka nimeiandika kwenye karatasi ya pili. Ikisema lolote, niandikie yote. Nigombeze hata wewe mwenyewe.

Mkwe wako,
Kizito Wabwile


Kamukuywa
28 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Kizito,

Yote saba! Nilibonyeza, nikafumba macho, nikafumbua, yako pale, saba. Nilipiga kigelegele ofisini kwa matroni hata mgonjwa mmoja akauliza nani amejifungua.

Sasa baya lake. Majedwali yako mapya ni matupu, na watoto wako kwenye jedwali la zamani. Nimelileta kama ulivyoandika. Likakataa kutengenezwa kabisa. Nakunakilia bila aibu: "Thamani ya kawaida ya safu ya tarehe ya kuzaliwa si halali." Nimejua mara moja ni nini. Fundi wa wamisheni alituambia kwamba mtoto asiyejulikana tarehe aliyozaliwa tumwandikie sifuri: siku sifuri, mwezi sifuri, mwaka sifuri. Ile mashine ya zamani ilikuwa inameza tu. Hii yenu ina koo jembamba.

Watoto wenye sifuri ni zaidi ya arobaini. Ni walewale wa mlimani, waliozaliwa nyumbani. Chepkirui yumo. Ni hao hasa ambao hawawezi kwenda Bungoma, na ndio hao mashine inawakataa.

Matroni amesikia kwamba fundi anaweza kuiamuru hiyo programu mpya isiwe kali, ikubali sifuri kama zamani. Je, ni kweli? Kama ni kweli, ifanye, iishe. Siku zimebaki chache na kesho ni Ijumaa Kuu. Na kama utasema tuache nafasi tupu, mimi sipendi. Nafasi tupu mbele ya jina la mtoto ni kama kumwalika mtu ukamwekea sahani isiyo na chakula. Sifuri angalau ni kitu.

Nakhungu


Matisi, Kitale
1 Aprili 2024

Kwa Mama Nakhungu,

Shikamoo mama. Ni kweli inawezekana. Ni mstari mmoja tu, na tungemaliza leo.

Lakini mama, hapana.

Nimeandika neno hilo kwa mama mkwe wangu. Viola amekaa hapa kando amejiziba mdomo kwa kanga.

Nitakueleza sababu. Niliwasha toleo la zamani hapa dukani, nikamwandika mtoto wa mfano mwenye sifuri, kisha nikaiambia kompyuta inipe umri wake. Ikasema ana miaka elfu mbili na ishirini na nne. Haikushtuka. Sasa fikiria daktari mgeni anayeangalia umri kabla ya kupima dawa. Chepkirui ana miaka elfu mbili, kwa hiyo atapewa dawa ya mtu mzima? Ama daktari atalicheka daftari lote na kulitupa? Sifuri si kitu, mama. Sifuri ni uongo ambao tumeuzoea. Toleo jipya halina ubaya na watoto wetu, limekataa kudanganywa tu.

Nilichofanya ni hiki. Nimelipanga upya jedwali la watoto ili safu ya tarehe ikubali kubaki bila kitu. Kila sifuri itakayotoka upande wa zamani itaondolewa, na kwenye karatasi ya kliniki pale penye tarehe patachapishwa neno "Haijajulikana". Nimeongeza safu ya umri wa kukadiria, na nyingine ya jina la aliyekadiria. Watoto wote wataingia, hakuna atakayebaki nje. Nimejaribu kwenye toleo lilelile mlilo nalo, na safari hii nimehakikisha.

Najua hupendi nafasi tupu. Nakuomba uikubali hii. Kama nimekukosea heshima, nitapokea lolote utakalosema, lakini tafadhali sema baada ya kuweka flashi.

Mkwe wako,
Kizito Wabwile


Kamukuywa
8 Aprili 2024

Kwa mkwe wangu Kizito,

Marahaba. Najua umekaa wiki nzima ukingoja. Viola amenipigia simu kila siku, na kila siku nimemwambia nina kazi. Ni kweli nilikuwa na kazi. Na ni kweli pia nilikuwa nimekasirika. Tangu mume wangu afariki hakuna mwanaume aliyeniambia hapana kwa maandishi.

Flashi niliiweka Jumatano, midomo nimeivuta. Watoto wote wakaingia. Nilihesabu mara mbili, kisha matroni akahesabu, hakuna aliyepotea. Nikachapisha karatasi zao za kliniki na kila ya mlimani imeandikwa "Haijajulikana". Niliziona mbaya sana. Nilizibandika kwenye faili zao kwa uchungu.

Ijumaa wageni walikuja, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi mlangoni pa ofisi tangu asubuhi, maana walisikia ni siku ya kuamuliwa. Yule mwanamke aliketi mbele ya kompyuta akasema, "Nionyeshe mtoto yeyote." Kidole changu kikaenda kwa Chepkirui, sijui kwa nini. Akaonekana: jina, kijiji, vipimo vyake vyote, dawa zake. Yule mwanamke akawa anaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, mpaka alipofika kwenye tarehe. Akasema kwa sauti, "Haijajulikana?" Nikasema moyoni, haya basi, fundi wangu ametumaliza.

Hapo Jelimo akainuka kutoka kwenye benchi. Mtoto mgongoni. Akasema, "Haijajulikana na nani? Si mimi ndio nilimzaa? Ni tarehe tisa mwezi wa nane, elfu mbili kumi na sita, mvua ya mawe ilikuwa inanyesha, hata mkunga alikatalia kwetu mpaka asubuhi. Mimi najua. Hakuna mtu ameniuliza."

Kizito, alikuwa anasema kweli. Siku ya kwanza mtoto aliletwa na mjomba, na mjomba hakujua. Tukaweka sifuri. Baada ya hapo mashine iliridhika nasi tukaridhika, na mama wa mtoto ameketi mbele yetu miaka yote hiyo. Yule mgeni akasogeza kiti akaniambia, "Andika." Nikaandika mbele ya macho yake, na mashine yako ikakokotoa yenyewe: miaka saba. Jelimo alitazama kioo akaanza kulia, nami sikuweza kujizuia.

Basi benchi lote likaamka. "Na wangu je? Na wangu imeandikwa nini?" Wengine walijua siku, wengine mwezi tu, mmoja alikuwa ameandika ndani ya jalada la Biblia yake. Mgeni aliacha maswali yake akawa ananisomea majina. Tulipofunga jioni, nafasi tupu zilizobaki zilikuwa chache sana, na hao tutawauliza wakija.

Kliniki inabaki Kamukuywa. Walisema hivyo mbele ya akina mama wote. Na hakuna faili hata moja linalohama.

Kwa hiyo hapana yako nimeipokea. Ilikuwa hapana nzuri.

Nimezungumza na wazee wa upande wetu. Wanasema kuna namna ya kulegeza mambo haya ya ukwe: wewe unaleta zawadi yako, mimi natoa yangu, wao wanashuhudia, halafu tunaweza kukaa chumba kimoja na kula pamoja bila mtu kugeuza uso. Njooni Jumamosi, wewe na Viola. Kuna mambo kwenye jedwali la dawa ambayo nataka unionyeshe nikiwa nimeketi pale pale.

Na nina swali. Sitalipitisha kwa Viola, nakuuliza mwenyewe. Umeoa kwangu miaka minne, na sijui hata unakunywa chai namna gani. Unatia sukari?

Nakhungu


Matisi, Kitale
9 Aprili 2024

Mama,

Vijiko vitatu. Viola anasema ni vingi mno, lakini umeniuliza mimi.

Kizito